Pikipiki ya trayali inakuangusha? Tafuta kosa mita moja nyuma

Kila anayeanza trayali, mchezo wa kupitisha pikipiki juu ya mawe na magogo, hulaumu jiwe. Ameangukia juu ya jiwe, basi jiwe ndilo lenye makosa: lilikuwa na unyevu, lilikuwa kubwa mno, lilicheza. Ukiwa pembeni unamtazama, unaona mambo yalishaharibika kabla tairi la mbele halijaligusa. Magoti yamekakamaa, macho yako kwenye madigadi, kidole kimeshaachia klachi. Jiwe limemalizia tu kazi.

Kwa hiyo humu nakwenda kwa dalili, na kwa kila dalili narudi nyuma kidogo, mita moja hivi, maana huko ndiko kosa hukaa. Ninamwandikia mtu wa Dar es Salaam ambaye pikipiki anaijua tayari, pengine amekula lami miaka kadhaa kwenye bodaboda, na sasa anataka kupanda mawe. Mtu huyo ana faida moja kubwa: hana woga na chombo. Hasara yake ni kwamba mwili wake umejaa mazoea ya barabarani, na karibu kila zoea la barabarani linakwenda kinyume na trayali.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: hizi si mbio. Unapita kwenye kipande kifupi chenye mawe, magogo, miinuko na kona za kubana, umesimama juu ya futresti (vikanyagio vya miguu), na kazi yako ni kutokea upande wa pili bila kuweka mguu chini. Ukigusa chini mara moja unapata pointi 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3. Ukianguka au ukitoka nje ya mipaka ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mhispania Toni Bou ametwaa ubingwa wa dunia, wa nje na wa ukumbini, kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024. Waendeshaji wa ngazi hiyo hukipitia kipande kwa miguu kwanza, wakiinama na kugusa mawe, kabla ya kukiingia na pikipiki. Anza na hilo. Halihitaji hata mafuta.

"Pikipiki yangu nzito, haitaki kugeuka"

Pikipiki halisi ya trayali ina kilo 70 hivi. Haina kiti cha kukalia, usukani wake unakunja mno, na gia ya kwanza iko chini kiasi kwamba unaweza kwenda nayo mwendo wa mtu anayetafuta funguo aliyoidondosha. Huzikuti zimepangwa madukani hapa mjini, hivyo unaanza na kilichopo: Boxer, TVS, au pikipiki ya zamani ya njia za vumbi ambayo mtu ameiacha uani. Boxer ina zaidi ya kilo 100, na usukani wake unagota mapema.

Hilo lisikuvunje moyo, ila jua mipaka yake. Kwa Boxer utajifunza mizani, klachi, kona za polepole, kilima kifupi na kuvuka ubao. Ukuta wa kufika magotini usiupande nayo, utapinda rimu. Sammy Miller alitamba kwenye trayali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960 akiwa juu ya Ariel ya cc 500, chuma kizito kuliko pikipiki yoyote ya trayali unayoiona leo. Baadaye ndipo alipohamia kwenye Bultaco nyepesi, akashinda nayo Scottish Six Days, mashindano ya siku sita ya Uskoti, mwaka 1965. Mambo ya msingi aliyapata kwenye chuma kizito.

Kabla ya kufikiria kuuza, mwambie fundi akufungie sproketi ya mbele iliyopungua jino moja. Spea yake Kariakoo haikufilisi, na gia ya kwanza itatulia vizuri zaidi. Barabarani utapoteza mwendo kidogo, basi. Ukishafanya hivyo na bado haigeuki, tatizo si uzito. Soma habari za kona huko chini.

"Tairi la nyuma linazunguka bure"

Anza na upepo kabla hujagusa kitu kingine. Pikipiki ya trayali huendeshwa na upepo mdogo ajabu: nyuma psi 4 hadi 5, mbele 5 hadi 6. Tairi linalala juu ya jiwe na kulikumbatia. Ukilijaza kama la barabarani linagusa jiwe kwa sehemu ndogo tu, na hapo hata ungekuwa bingwa ungeteleza.

Tatizo la hapa kwetu ni kuupata huo upepo. Unafika kwa kijana wa pancha:

"Kaka, niwekee nne nyuma."

"Arobaini?"

"Nne."

Anakutazama usoni kuona kama unamtania, halafu anakuonyesha geji yake. Hana kosa. Geji ile imetengenezwa kwa malori na daladala, sindano yake inaanza kutikisika ukishapita 10, na chini ya hapo yote ni kukisia. Kwa hiyo nunua geji yako ya upepo mdogo, ile inayoishia psi 15. Ndicho kifaa cha kwanza cha kununua baada ya helmeti. Pima asubuhi, pikipiki ikiwa kivulini. Ikikaa juani upepo unapanda, na kwenye psi 4 hata nusu psi unaisikia miguuni.

Onyo kwa wenye Boxer na wenzake: tairi lenye tyubu usilishushe hivyo. Likishuka mno linazunguka lenyewe juu ya rimu, linaivuta tyubu, na valvu inang'oka. Kaa kwenye 15 hivi kwa mazoezi. Na kabla hujarudi barabarani, jaza upya. Upepo wa mazoezi kwenye Barabara ya Kilwa, lori likiwa nyuma yako, ni hatari isiyo na sababu.

Upepo ukiwa sawa na tairi bado linazunguka, angalia nyonga zako ziko wapi. Kwenye mwinuko mtu akiogopa huinamia usukani, anaukumbatia. Uzito wote umehamia mbele, tairi la nyuma limebaki halina wa kulikandamiza. Rudisha nyonga juu ya futresti au nyuma yake kidogo, mikono iwe imenyooka kiasi bila kufunga viwiko, na uzito wako uusikie kwenye nyayo. Mikono ni ya kuelekeza. Anayening'inia kwenye usukani hawezi kuelekeza kitu.

Kisha mkono wa mafuta. Barabarani, ukikwama kwenye tope, dawa ni kuongeza. Kwenye mawe ukisikia tairi limeanza kupiga kelele, punguza. Fungua tena taratibu likishashika.

Mchanga mzito wa ufukweni ni habari nyingine. Pale unahitaji mwendo na uzito nyuma, na hautakufundisha lolote kuhusu mshiko wa tairi. Najua ufukwe unavutia, na picha zinatoka nzuri. Ila mtu aliyejifunzia mchangani huja kwenye mawe na mkono mzito wa mafuta, na kuutoa ule mkono ni kazi. Tafuta udongo mgumu na mawe yaliyokaa. Upande wa Kigamboni mawe ya matumbawe ya kale hutokeza juu ya ardhi, yanashika vizuri yakiwa makavu na yanachana ngozi vizuri vilevile. Miinuko ya kuelekea Pugu na Kisarawe ni mizuri mpaka inyeshe. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo ule unaweza kukufanya uamini hujui kabisa kuendesha.

"Inazima kila nikipunguza mwendo"

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa nitakaa.

Dereva wa barabarani hutumia klachi kama swichi. Ameibana yote au ameiachia yote, na anaibana kwa vidole vinne. Kwenye trayali klachi haipumziki hata kidogo. Kidole kimoja cha shahada kiko juu yake kuanzia unaingia kwenye kipande mpaka unatoka, na mwendo unaupima kwa kidole hicho zaidi ya mkono wa mafuta.

Zoezi lake ni hili. Tafuta uwanja tambarare. Injini inawaka, gia ya kwanza, umesimama juu ya futresti, klachi umeibana kwa kidole kimoja. Mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kwa wepesi. Sasa achia klachi polepole mno huku ukisikiliza. Kwanza sauti ya injini inashuka kidogo. Halafu cheni, iliyokuwa imelegea upande wa juu, inakaza. Utaisikia ikigusa na kutulia. Halafu shokapu za nyuma zinasogea. Pikipiki bado haijaondoka. Hapo ndipo klachi inapoanza kushika, na mchezo wote unachezwa kwenye nafasi hiyo isiyozidi unene wa shilingi mbili za sarafu. Achia kidogo, inasogea. Bana kidogo, inasimama, na cheni bado imekaza. Rudia mpaka kidole kijue chenyewe bila wewe kufikiri.

Breki ya nyuma humo ndani ina kazi yake. Injini inavuta mbele, breki inazuia nyuma, pikipiki inakaa katikati imetulia. Anayezima kila mara, mara nyingi hajaligundua hili: anapunguza mafuta ili apunguze mwendo, injini inakosa nguvu, inakufa. Acha mafuta yawe juu kidogo na thabiti, mwendo uupunguze kwa klachi na breki ya nyuma. Kosa halikuwa pale ilipozima. Lilikuwa pale ulipofunga mafuta.

Ukifanya hayo yote na bado inazima, sasa lawama zihamie kwenye chuma. Angalia sailensi kwanza, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta. Wengi huiweka chini ili kuokoa mafuta. Ipandishe mpaka injini iungurume bila kusitasita ukiwa umeachia kabisa. Angalia waya wa klachi: ukiwa umechakaa na nyuzi zimeanza kukatika, klachi inakuwa nzito na inashika kwa kushtuka. Sogeza levya karibu na mkono ili kidole kimoja kiifikie bila kujinyoosha. Kama pikipiki ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, tundu dogo la kabureta, lile la mwendo wa chini, limeshaziba. Fundi alifungue na kulisafisha, asipulizie tu kwa juu. Na petroli iliyochakachuliwa hujionyesha hapohapo kwenye mwendo wa chini, wakati barabarani ulikuwa huioni.

Upande wa pili wa dalili hiyohiyo ni pikipiki inayosonga mbele hata ukiwa umebana klachi yote. Kama ni asubuhi na injini ni ya baridi, sahani za klachi zimegandana kwa mafuta. Kabla ya kuwasha, weka gia, bana klachi, isukume mbele na nyuma mpaka usikie imeachia. Ikiendelea hata injini ikishapata moto, angalia aina ya oili. Pikipiki nyingi za trayali zenye injini ya tuu-stroki zina oili ya gia peke yake, mbali na ya injini, na mtengenezaji huitaja aina yake. Nzito kuliko hiyo itagandisha klachi. Kwa Boxer na TVS, ambazo klachi inaogelea kwenye oili ya injini, tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Oili nyingine za magari zimeongezwa vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, injini inalia na pikipiki haiendi.

"Kwenye kona kali lazima niweke mguu"

Macho. Kwa watu wengi jibu linaishia hapo. Unatazama jiwe usilolitaka, unaliendea. Geuza kidevu mpaka uione njia ya kutokea kabla tairi la mbele halijaanza kukunja.

Ikiwa macho yako sawa, basi unalala pamoja na pikipiki, zoea jingine la barabarani. Kwenye mwendo wa haraka mwili na pikipiki huinama pamoja. Kwenye mwendo wa kutembea hakuna nguvu ya kuwashikilia, mtaanguka wote wawili. Ilaze pikipiki peke yake upande wa ndani, wewe toka upande wa nje: kanyaga futresti ya nje kwa nguvu, nyonga zitokeze nje, mkono wa nje uinuke na kukunja kiwiko. Panga chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga na uchore namba nane kuzizunguka, ukizisogeza karibu kila unapopita bila kugusa chini. Utakuja kugundua upande mmoja ni rahisi na mwingine mgumu. Wengi wanaona shida kulia, kwa sababu mkono wa mafuta unabanwa na tumbo. Zoezi liwe zaidi upande mgumu, japo hakuna anayelipenda.

"Siwezi kusimama pahala pamoja"

Kunja usukani mpaka ugote, bana breki ya mbele, simama juu ya futresti, tazama kitu kilicho mita mbili mbele yako, tena kisichotembea. Mwanzoni egemeza tairi la mbele kwenye jiwe au ukuta. Injini izimwe. Zoezi hili linafanyika uani Tandika au sebuleni Sinza, na jirani asijue.

Anayeshindwa kabisa mara nyingi ameyafunga magoti. Yalegeze, yaache yacheze kando. Usawazishaji unafanywa na magoti na nyonga, kichwa kinabaki palepale.

"Tairi la mbele linanyanyuka kwenye kilima"

Ulichelewa. Mafuta uliyoyafungua katikati ya kilima ulipaswa kuyafungua kabla hujaanza kupanda. Mtu hufika chini ya mwinuko kwa woga, polepole, anaanza kupanda, anaona hamalizi, anafungua kwa ghafla huku mwili umerudi nyuma. Tairi la mbele linakwenda angani na yeye anashuka kwa mgongo.

Chukua mwendo unaokutosha mita moja au mbili kabla ya mwinuko, kisha panda kwa mafuta yaleyale, na karibu na kilele yapunguze, kwa sababu hapo nguvu ya kukufikisha ulishaipata chini. Kwenye kilima kirefu gia ya pili mara nyingi ni bora kuliko ya kwanza, haishtuki. Ukiona umeshindwa katikati, bana breki ya mbele, achia pikipiki ilale upande wa juu wa kilima na wewe ubaki upande huohuo wa juu. Kamwe usiruke upande wa chini.

Pikipiki za trayali huja na kamba ya kuzimia inayofungwa mkononi: ukidondoka, inachomoka na injini inazima. Ifunge. Wengine huining'iniza kwenye usukani kama pambo.

"Navuka gogo, nyuma inanirusha"

Gogo la mnazi ni kifaa kizuri cha mazoezi na linapatikana. Lipigie vigingi pande zote mbili lisibingirike, na usilitumie likiwa limelowa.

Mbele huwa hakuna shida kubwa: unakandamiza shokapu za mbele kwa miguu, unaachia klachi kwa mkupuo mdogo, tairi linanyanyuka na kugonga gogo karibu na ukingo wa juu. Kila mtu anafurahia sehemu hiyo. Kisha anasahau kwamba kuna tairi la pili linakuja. Amebaki nyuma, magoti yamenyooka, mafuta bado yamefunguliwa, na tairi la nyuma linapogonga gogo linapeleka kishindo chote kiunoni.

Mara tu tairi la mbele linapogusa, funga mafuta, bana klachi, sogeza mwili mbele, na magoti yakunjike ili pikipiki ije juu chini yako. Ukifanya sawasawa, kichwa chako kinakwenda kwenye mstari mmoja na pikipiki ndiyo inayopanda na kushuka. Weka simu mahali pembeni ijirekodi, usawa wa gogo, kisha tazama kichwa tu. Kikirushwa juu, magoti hayajafanya kazi.

Anza na gogo la unene wa kifundo cha mguu. Vijana wengi hunidharau nikisema hivi, wanakwenda moja kwa moja kwenye tairi la lori.

"Kwenye mteremko nahisi nitapinduka"

Nyonga nyuma, mikono imenyooka kiasi, gia ya kwanza, kidole kimoja kwenye breki ya mbele. Breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Wanaoiogopa hutumia ya nyuma peke yake, tairi linajifunga, pikipiki inaserereka. Ibane taratibu na uiachie taratibu. Usiibane usukani ukiwa umekunja.

"Imechemka" na "inanuka kuungua"

Dar mchana ina joto na unyevu, na wewe unakwenda polepole mno upepo usiweze kuipoza injini. Pikipiki ya trayali yenye rejeta ina feni ndogo. Injini ikipata moto lazima uisikie ikizunguka. Isipozunguka, angalia plagi ya waya wake, mara nyingi imeota kutu ya chumvi, au matope yamekaza feni yenyewe. Zima, subiri, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Pikipiki inayopozwa na hewa haina feni, kwa hiyo feni yake ni wewe kupumzika. Harufu ya kuungua ni sahani za klachi. Fanya mazoezi kidogo, zima, kaa kivulini. Hilo linakusaidia hata wewe. Ukiona kizunguzungu, kichwa kinagonga au jasho limekata ghafla, umeshamaliza kwa siku hiyo: kivuli, maji, na mtu wa kukuangalia. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu ndio muda wa akili.

"Haiwaki kabisa"

Kamba ya kuzimia imekaa mahali pake? Koki ya mafuta iko wazi? Kimrija cha kupumulia cha kifuniko cha tenki kimeziba vumbi? Plagi imelowa oili? Kwa tuu-stroki, plagi inayolowa kila mara inasema mchanganyiko wako wa petroli na oili una oili nyingi. Fuata kipimo cha mtengenezaji, pima kwa chupa yenye alama, acha kukadiria kwa jicho. Chujio la hewa lioshwe kwa sabuni, likaushwe, lipakwe oili yake. Kwa vumbi la huku, mazoezi machache tu yanalitosha kuziba.

"Mikono inakufa ganzi, kiuno kinauma"

Unabana usukani kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na unabana kwa sababu miguu haijabeba uzito. Rudi kwenye nyayo. Kiuno kinauma kwa sababu unakunja mgongo badala ya nyonga. Usukani ukiwa chini mno kwa kimo chako, fundi wa vyuma Gerezani anaweza kukuchongea vipande vya kuunyanyua. Levya za breki na klachi zikaze kiasi tu, ukianguka zizunguke badala ya kukatika.

Kwa miguu, vikinga ugoko vya mpira wa miguu hupatikana kwenye mitumba ya Karume. Buti lipite kifundo na liwe gumu. Ndala nimeziona, na sitaki kuziona tena.

"Peke yangu naweza, watu wakija naanguka"

Dalili hii ni ya kwetu hasa. Hujamaliza kushusha pikipiki kutoka kwenye kirikuu, watoto wa mtaa mzima wameshafika. Dakika mbili baadaye kuna kundi linaimba "Nyanyua! Nyanyua!" na mkono wa mafuta unaanza kuwatii wao.

Hatari yenyewe iko nyuma yako. Pikipiki ikikubinukia inarudi nyuma na kwa kasi, na watoto hupenda kusimama hapohapo ili waone vizuri. Chagua mkubwa wao, mpe kazi: "Mdogo wangu, wewe ndiye msimamizi, mtu asivuke hii kamba." Atakuwa mkali kuliko askari. Kisha fanya zoezi la kuchosha kutazama, namba nane za polepole. Wakishaona hakuna kunyanyua, wengi wataondoka wenyewe.

Eneo lenyewe uwe umeliombea ruhusa, kwa mwenye kiwanja au kwa mwenyekiti wa mtaa. Mashimo ya kokoto upande wa Kunduchi yanatamanisha, ila kingo za machimbo humeguka na kuna watu wanafanya kazi chini yake. Misitu ya hifadhi ya Pugu usiiingie na injini.

"Imeanza kulia kwenye ekseli"

Chumvi. Ukifanyia mazoezi karibu na bahari, ioshe siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, usiielekeze mashine ya presha kwenye bearingi wala kwenye shina la usukani, maana maji yanasukuma grisi nje na kubaki ndani. Ikaushe, paka cheni oili, kaza spoki zilizolegea, zungusha kila tairi kwa mkono likiwa juu na usikilize. Bearingi ikishaanza kukwaruza hairudi, badilisha zote mbili za tairi hilo kwa pamoja.